Nyumba Iliyoisogelea Reli

Gudele, mtaa wa Juba, Sudan Kusini, kuna nyumba iliyobomolewa ili treni ipite. Juba haina treni. Haikuwa nayo wakati wa Waingereza, haikuwa nayo wakati wa utawala wa Khartoum, na haikuwa nayo siku bendera mpya ilipopandishwa. Reli iliyo karibu, kama neno karibu linafaa hapa, inaishia Wau, na kutoka Wau hadi Juba ni safari ya lori ya siku kadhaa wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ni Mungu tu anayejua. Hata hivyo tingatinga lilikuja asubuhi moja likaangusha nyumba ya mwanamke niliyekuwa mpangaji wake, na bwana aliyelisimamia alitueleza, kwa sauti ya mtu anayetangaza habari njema, kwamba pale ni hifadhi ya reli.

Nilikuwepo. Nayaandika haya kwa mpangilio wake kwa sababu nimewasikia watu, wengine wamesoma na wana vyeo, wakisimulia kwamba yule mama alijitakia. Wanacheka wanaposimulia. Mimi sijaweza kucheka.

Nilikuwa nimekuja kutoka Kenya miezi michache kabla ya uhuru, kufanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Nchi nzima ilikuwa ikijengwa na kila kitu kilitoka nje. Barabara ya kutoka Nimule, mpakani na Uganda, ilipoharibika, ndege za Nairobi na Entebbe zilileta nyanya, madirisha, hata misumari. Nimesimama chini ya jua la Juba nikitazama maboksi ya misumari yakishushwa kutoka kwenye tumbo la ndege, nikajiuliza ni nani duniani anayerusha misumari hewani. Jibu ni mtu asiye na reli. Kwa hiyo mtu yeyote aliyetamka neno reli Juba wakati ule alisikilizwa.

Baada ya uhuru nilihama makazi ya kampuni, nikapanga chumba Gudele kwa mama mmoja mjane aliyerudi kutoka Khartoum. Nyumba yake niliipenda kabla sijaingia. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma, wa kijani, una nambari ya mtaa wa mji mwingine. Madirisha hayakufanana na kuta. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo yaliyofyatuliwa palepale, lakini madirisha yalikuwa ya chuma kilichopindwa maua, kazi ya fundi wa mjini. Mabati ya paa yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, yamezibwa kwa lami. Nilimuuliza, akanieleza bila kuona ajabu yoyote. Nyumba ile ilikuja na treni.

Ndivyo walivyorudi wengi wa waliokuwa Khartoum. Kura ilipopigwa na ikajulikana kwamba nchi inagawanyika, watu wa kusini walizibomoa nyumba zao wenyewe. Waling'oa milango, madirisha, mabati na nguzo, wakavifunga pamoja na vitanda vya kamba vile wanavyoviita angareb, wakapeleka vyote stesheni. Yule mama alikuwa ameuza chai kando ya barabara miaka yote ya ukimbizi wake, na kila bati lilikuwa chai aliyoichemsha. Hakuona kwa nini amwachie mtu. Alisafiri juu ya mlango wake mwenyewe, umelazwa kwenye behewa la wazi, hadi Wau. Kisha lori hadi Juba, ambako kaka yake alikuwa amemwachia kiwanja.

Jioni alitoa stuli tatu nje na kuchemsha chai yenye tangawizi. Stuli ya pili ilikuwa yangu, na ya tatu ya jirani yetu Mganda, fundi wa jenereta, mtu mzima mwenye tumbo na maneno. Hapo ndipo ulipoanza ubishi wetu wa treni, na uliendelea karibu miaka miwili. Kila mmoja alikuwa na treni yake na aliitetea kama watu wengine wanavyotetea timu ya mpira.

Yangu ilikuwa ya Nairobi kwenda Kisumu. Baba yangu alikuwa mtandika vitanda kwenye behewa la daraja la kwanza, na mara moja kwa mwaka familia ya mfanyakazi ilipewa tiketi ya bure. Niliwaeleza jinsi treni ilivyoondoka Nairobi jioni. Jinsi ilivyoteremka Bonde la Ufa ikilia breki, na ukichungulia dirishani kwenye kona uliona mabehewa ya mbele yamejikunja kama yanakurudia. Jinsi baridi ya Molo ilivyoingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Na jinsi ulivyoamka Muhoroni ukasikia harufu ya miwa. Niliwaeleza kuhusu mhudumu aliyepita kwenye ujia akigonga kengele ndogo kwa kijiti, kuwaita abiria wa mbele waende kula, na vitambaa vyeupe vya meza, na sinki la chuma lililokunjwa ukutani.

Mganda alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza chai yake.

“Sasa wewe ulikula kwa hiyo kitambaa cheupe?”

Nikasema hapana, sisi tulikuwa daraja la tatu, kwenye benchi la mbao. Mama alibeba viazi.

“Na hiyo kitanda, baba alitandika, wewe ulilala?”

Nikasema hapana.

“Basi hiyo siyo treni yako, ssebo. Hiyo ni treni ya kuangalia.”

Mama mwenye nyumba alicheka hadi akaweka birika chini. Nilijifanya nimeudhika, lakini lile neno lilinikaa akilini. Ni kweli kwamba watu huzisifu treni za zamani kana kwamba wote waliozipanda walikula kwa uma na kisu. Nimekutana nao kwenye hoteli za Juba, wageni wenye kamera, wakizungumza juu ya reli za Afrika kwa macho yaliyolegea. Baba yangu alitandika mashuka ambayo hakuyalalia, na jina la treni ile likitajwa, anayekumbukwa ni yule aliyelala.

Treni ya Mganda ilikuwa ya Kampala kwenda Kasese. Aliipanda akiwa kijana. Kwa maelezo yake ilikuwa na matoke kwenye ujia, matoke chini ya viti, kuku, na samaki mkavu, na ilipofika kwenye mafunjo ya kinamasi cha Katonga ilitambaa kwa mwendo wa mtu mgonjwa. “Lakini mimi iko natoka Kampala na shati nyeupe, nafika Kasese na shati nyeupe,” alisema. Nilimwambia hakuna shati linalobaki jeupe karibu na samaki mkavu. Akasema mimi nina wivu.

Treni ya mama ndiyo iliyotunyamazisha sote. Aliiita gatar, kama wanavyosema kwa Kiarabu, na aliizungumzia kama jamaa wa damu aliyemkosea na kumsaidia. Alizaliwa kijijini kando ya reli, kaskazini ya Wau. Katika vita vya zamani ilikuja ikiwa imejaa askari, na wapanda farasi walikwenda sambamba nayo pande zote mbili, wakichoma vijiji na kuchukua ng'ombe na watoto. Watu waliposikia honi walikimbilia vichakani. Kisha njaa ikaja, na treni ileile ilipokuwa ikirudi kaskazini, yeye na mama yake walipanda juu ya paa lake kwenda Khartoum, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuondoka. Na miaka yote hiyo ikapita, na gatar ileile ikamrudisha na mlango wake.

Safari ya kurudi ndiyo aliyoipenda. Ilichukua majuma. Treni ilisimama popote: injini ikichoka, dereva akiwa na shemeji wa kumsalimu, mwanamke akishikwa na uchungu. Iliposimama, watu walishuka, wakawasha moto, wakafua. Na hata pale pasipo stesheni walitokea wanawake wamebeba vitu kichwani. Alituambia kwamba kila kituo kilikuwa na kitu chake: mahali fulani ni mayai, mbele ni karanga, kwingine ni maji tu, na hakuna aliyeuza cha mwenzake. Mtu aliyekaa kando ya reli hakufa njaa wakati wa amani. Hilo alilisema mara nyingi, nami nalirudia hapa kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa alichokifanya baadaye.

Katika mwaka wa pili wa uhuru walikuja wapima ardhi. Walishuka kwenye gari jeupe lisilo na maandishi, wamevaa kofia ngumu za njano, wana darubini ya miguu mitatu na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu nchani. Walitoka ofisi gani sijawahi kujua. Niliwauliza mimi mwenyewe, na kijana aliyeonekana kuwa mkubwa wao, mtu mwenye adabu na Kiingereza safi, alisema ni mradi wa taifa. Reli itatoka pwani ya Kenya, itapita hapa, itaendelea magharibi. Walipigilia mstari wa vigingi uliopita mbele ya kiwanja cha mama, ukingoni mwa uwanja mtupu wa kiwanja hichohicho aliokuwa akianikia mtama.

Mama aliwapelekea chai. Kisha akauliza swali moja, nami nikalitafsiri: stesheni itakuwa wapi?

Kijana akasema hapa hakuna stesheni. Treni ya kisasa haisimami kila mahali. Itapita tu.

Mama aliniangalia kuona kama nimetafsiri sawa. Kisha akamwambia kijana, kwa upole, kama anayemweleza mgeni: “Treni isiyosimama ni ya nani?”

Kijana alicheka, akakunja darubini yake, wakaondoka. Hawakuacha jina wala agizo. Hawakumwambia mtu yeyote kaa mbali. Hili nalisisitiza. Niliwasikiliza mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetamka kwamba ardhi iliyo kando ya vigingi imekatazwa, wala kwa umbali gani. Walipigilia miti ardhini katikati ya watu, wakanywa chai ya watu, wakaenda zao.

Mtu wa Nairobi akiona kigingi chekundu anajua la kufanya: anahamisha watoto. Nimekulia karibu na reli, nimeona alama za X zikichorwa ukutani na vibanda vikisukumwa. Lakini wengi wa majirani zetu Gudele walikuwa wamerudi kutoka kaskazini, na reli waliyoijua ilikuwa ile ya Wau, treni inayosimama. Wao waliona kigingi wakaona soko. Katika wiki zilizofuata hawakusogea mbali na mstari. Walisogea karibu.

Ilianza na kibanda kimoja cha kunyoa, kikageuzwa kikatazama vigingi. Kisha yakaja yale mabanda ya nyasi na miti wanayoyaita rakuba, moja baada ya jingine, yamepangwa vizuri kana kwamba kengele ya stesheni imeshagongwa. Wanawake walikaa kikao nikiwa nanyoa ndevu dirishani, nikawasikia wakigawana: wewe mayai, wewe karanga, wewe maji ya barafu. Palitokea ugomvi juu ya samaki wa kukaanga, ukatatuliwa kwa kuwaweka wenye samaki kwenye mwisho ambako upepo unaelekea. Mbele yao hapakuwa na chochote ila vumbi na mbuzi.

Mama alikwenda mbali zaidi ya wote. Aliamua kuhamisha nyumba.

Nilirudi kazini nikakuta paa la vyumba vya mbele limeshashushwa. Mganda alikuwa juu ya ngazi akichomoa misumari na kuinyoosha kwa nyundo, analaani kwa Kiganda. Mlango wa kijani ulikuwa umeegemezwa kwenye mwembe wa uani, na madirisha yamelazwa juu ya angareb. Nikamuuliza mama anafanya nini. Akasema anasogea mbele, hadi kwenye vigingi, ili akifungua mlango awe tayari. Kiwanja cha nyuma atapanda bamia.

Nilikaa naye chini. Nilimweleza kila nilichokijua: kwamba pembeni ya reli za kisasa huachwa ukanda usiojengwa, kwamba kule kwetu watu waliojenga ndani ya ukanda huo walivunjiwa, kwamba nyumba yake, pale ilipokuwa, ilikuwa salama. Mganda aliniunga mkono kutoka kwenye ngazi. “Nyabo, sikiliza Mkenya. Hiyo watu ya kofia haina mchezo.”

Mama alisikiliza. Hakuwa mjinga, na nawaambia wanaocheka kwamba alijibu kwa hoja. Alisema wale wa Nairobi walijenga juu ya ardhi isiyo yao. Yeye yumo ndani ya kiwanja chake. Alisema aliyetoka kumlaki mgeni hapigwi. Alisema nyumba hii imeshabomolewa mara moja na kujengwa mara moja, wala haogopi kuishika. “Na wewe, ya weledi,” akaniambia, yaani mwanangu, “treni yako ilipita vijiji vya watu usiku wamelala. Ndiyo maana unaogopa.”

Nyumba ikahama. Chumba changu, kilichokuwa cha nyuma, kikavunjwa mwisho, nami nikahamia pamoja nayo, kwa sababu wapi kwingine ningepata mwenye nyumba wa aina ile. Kuta mpya ziliinuka karibu kabisa na vigingi. Mlango wa kijani uliwekwa ukitazama mstari, na mbele yake rakuba ya chai yenye mabenchi. Kwa miezi kadhaa tulikaa pale jioni tukitazama mahali ambapo treni ingepita, tukiendelea na ubishi wetu. Mganda alisema treni ya kwanza ikija ataivalia shati jeupe.

Alama za X zilikuja wiki kadhaa kabla ya Krismasi. Watu wengine, gari jingine, rangi ileile. Walichora kwenye rakuba zote, kwenye kibanda cha kunyoa, na kwenye mlango wa kijani. Safari hii nilidai kujua ofisi. Mmoja alinijibu kwamba mimi ni mgeni, nishughulike na ya kwetu. Mama alisugua ile X kwa majani ya chai na mchanga hadi ikawa waridi, akasema rangi yao ni mbovu.

Tingatinga lilipokuja hatukupewa muda. Watu walikuwa wanatoa sufuria wakati rakuba ya mwisho upande wa samaki ilikuwa imeshalala. Bwana aliyesimamia alisimama kivulini mwa gari lake. Mama alimwendea, akamwomba jambo moja tu: amruhusu ang'oe mlango, madirisha na mabati. Hakuomba nyumba iachwe. Aliomba afanye mwenyewe kazi ambayo tingatinga lilitaka kufanya, na angeifanya vizuri zaidi, maana alikuwa na uzoefu. Mganda alikuwa tayari ameshika nyundo.

Yule bwana alisema hana muda, mtambo umekodishwa kwa saa.

Nimeona mengi Juba, na baada ya wiki chache nilikuja kuona mabaya zaidi, lakini hilo jibu ndilo linalonifanya nishindwe kulala vizuri. Kwa reli ambayo hadi leo haina hata taruma moja, mtu alikosa nusu siku ya kumwachia mwanamke milango yake. Tingatinga liliingia kwa upande wa chumba changu. Paa lilishuka lote kwa pamoja. Mlango wa kijani ulikunjika katikati, na minyororo ya mtambo ikapita juu yake ikienda na ikirudi, kwa sababu dereva alikuwa anasawazisha.

 Mama aliokota birika, akalikung'uta vumbi, akakwenda mtaa wa Atlabara kwa dada yake aliyekuwa na chumba karibu na chuo kikuu. Mimi nilirudi makazi ya kampuni. Mganda alikaa wiki nzima akichambua kifusi, akapata madirisha mawili yaliyopinda na mabati machache, akayahifadhi kwake hadi mama atakapojenga. Maana kiwanja cha nyuma, kile cha kwanza, kilikuwa bado kipo. Kilikuwa mbali na vigingi kama kilivyokuwa mwanzo. Tulipanga kwamba akishamaliza huzuni, tutaanza upya palepale.

Hatukuanza. Kabla ya Krismasi hiyohiyo bunduki zililia usiku kwenye kambi ya jeshi, na asubuhi vita vilikuwa vimeingia mitaani. Gudele ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Watu walitafutwa nyumba kwa nyumba kwa kabila lao, na mengine aliyeyaona ayaeleze yeye. Nilichokiona mimi ni uwanja wa ndege. Waliokuwa na pasipoti na fedha walijaza ukumbi, uwanja na barabara hadi langoni. Tulipakia watu mahali ambapo jana yake tulishusha mizigo. Wafanyakazi wa benki, wa hoteli, wa mashirika, Wakenya wenzangu wengi, wakaruka. Mimi pia niliruka, baadaye kidogo. Mganda alitoroka kwa barabara ya Nimule, juu ya lori. Wengine wote wa mji ule walikuwa na miguu yao.

Niliporudi baada ya miezi, nilimtafuta mama Atlabara nikamkuta hai, anauza chai mbele ya chumba cha dada yake. Amekonda. Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba wazo hilo tangu uwanja wa ndege, kwamba laiti kungekuwa na treni siku zile, wangapi wangeondoka.

Alitikisa kichwa. “Ingewaleta askari kwanza,” alisema. “Sisi ingetuchukua baadaye, juu ya paa. Mimi naijua.”

Kisha akasema anataka kujenga. Mahali pake pa zamani, kwa matofali ya udongo na mabati mapya kidogo kidogo, na lile dirisha moja ambalo Mganda alifaulu kulinyoosha. Reli sasa haimhusu, hata ikija ipite. Nikakubali kumsindikiza.

Tulikwenda pamoja asubuhi. Mstari wa vigingi haukuonekana tena. Watu walikuwa wameving'oa wakavifanya kuni wakati wa shida, na ukanda wote uliosawazishwa ulikuwa umeota nyasi ndefu. Pale ilipobomolewa nyumba hapakuwa na kitu. Lakini nyuma yake, kwenye kiwanja cha kaka yake, pale alipotaka kupanda bamia, palikuwa na ukuta mpya wa matofali ya saruji, mrefu kuliko mtu, na lango la chuma. Lango lilikuwa na mlinzi mwenye bunduki na redio ndogo.

Tulianza kuuliza, na tumeuliza kwa mpangilio, ofisi baada ya ofisi, nyingine nikiwa naye na nyingine akiwa peke yake. Majibu tuliyopata ni mawili, na yanasemwa na watu walewale bila kuona haya. La kwanza ni kwamba mama hana madai Gudele, kwa kuwa nyumba yake inajulikana ilikuwa ndani ya hifadhi ya reli, na aliyejenga ndani ya hifadhi hana haki. La pili ni kwamba kile kiwanja cha nyuma kilikutwa kitupu, hakuna nyumba wala mtu, na kiwanja kitupu hupewa anayekihitaji. Nikawaeleza kwamba kilikuwa kitupu kwa sababu nyumba ilisogea mbele, na nyumba iliyosogea mbele ilivunjwa kwa sababu ya reli, na reli haipo. Bwana mmoja nyuma ya meza aliniuliza kama nimewahi kusikia nyumba inayosogea. Wenzake wakacheka.

Anaposikia hivyo mama hachoki. Kila akipata nafasi huenda Gudele, hukaa ng'ambo ya lango na birika lake, na humuuzia chai yule mlinzi. Amemzoea, na mlinzi humwita mama. Amemuuliza mara nyingi mwenye ukuta ni nani. Mlinzi anasema yeye aliwekwa pale na mtu ambaye naye aliwekwa na mtu, kwamba bosi yuko nje ya nchi, na kwamba siku bosi akija atampigia mama simu. Nambari ya mama anayo. Hajapiga.